Machinga, Kangomba, Kuchele

Kuna maelezo ya asili ya neno machinga ambayo karibu kila mtu aliyepita chuo ameshayasikia. Eti vijana waliotembeza bidhaa mitaani waliitwa kwa Kiingereza “marching guys”, watu wa kupiga mguu kama askari wa gwaride, kisha ulimi wa Mswahili ukalikatakata jina hilo mpaka likabaki machinga. Msimulizi huyatoa kwa uhakika, wasikilizaji hutikisa vichwa kwa furaha ya kufunuliwa siri, na mazungumzo huendelea.

Mimi hubaki na swali moja. Ni Mwingereza gani aliyekuwa anazunguka Kariakoo miaka ya 1980 akiwapa majina wauza mitumba?

Wamachinga ni watu. Wana lugha yao, Kimachinga, na kwao ni pwani ya Lindi na Kilwa. Mchinga ni mji mdogo wa bahari kaskazini ya Lindi. Anayetaka kuuona apande gari tu. Ukivuka mpaka mpaka Malawi utakuta wilaya nzima inaitwa Machinga, na huko hakuna aliyewahi kusema imepewa jina la wauza soksi. Vijana wa kusini walipoingia Dar es Salaam kwa wingi kutafuta riziki, wakibeba mali mabegani kwa kuwa hawakuwa na fremu, watu wa mjini waliwaita wote kwa jina la kabila moja. Jina likawaganda. Baadaye likamganda kila anayetembeza bidhaa, awe Mgogo, Mchaga au Mhaya, likapoteza herufi kubwa, na mwisho likabandikwa kwenye jengo: Machinga Complex, pale Ilala.

Kwa hiyo asili ya neno haijafichika hata kidogo. Kinachonishangaza ni jinsi watu wenye elimu wanavyoikimbia. Kukubali kwamba neno limetoka Lindi ni kukubali kwamba mji mkubwa ulichukua jina la watu halisi ukaligeuza kuwa jina la kazi, na tena kazi iliyokuwa ikisakwa na askari. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilimfanya mtu asiye na kazi inayotambulika mjini kuwa mtu wa kurudishwa kijijini. Hadithi ya Kiingereza inatuondolea aibu hiyo. Inatoa jina mikononi mwa wenyewe na kulipa wazazi wa mbali, wazungu, wasiodai chochote.

Neno la pili la kusini lililoingia nchini kwa kishindo ni kangomba. Mpaka mwaka 2018 Watanzania wengi wa bara hawakuwa wamelisikia. Ilipofika Novemba mwaka ule, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulipeleka jeshi kuzisomba, kangomba ikawa kwenye kila taarifa ya habari: ule ununuzi wa kienyeji wa korosho nje ya mfumo rasmi, mkulima mwenye shida akiuza mapema, kwa bei ya chini na kwa kipimo kisichotambulika. Magazeti yalilichukua neno lilivyo, bila tafsiri. Nililipenda neno hilo kuonekana kwenye magazeti, nikachukizwa na safari iliyolileta. Kusini ina msamiati mkubwa wa korosho. Kuna mabibo, yale matunda yenyewe, ambayo kamusi za zamani ziliyapa pia jina la kanju. Kuna uraka unaokamuliwa humo, unaonywewa ungali mtamu au ukishachacha. Hayo hayakusafiri. Lililosafiri ni jina la kosa.

Machinga na kangomba, basi, yamepitia mlango mmoja. La kusini hupokelewa katika Kiswahili cha taifa likiwa limeshikiliwa na mgambo.

Halafu kuna kuchele, neno ambalo nalipenda zaidi ya yote mawili. “Mtwara kuchele,” watu husema, na maana yake ni kumekucha. Ni la Mtwara zaidi kuliko la Lindi, lakini hakuna mtu wa Lindi asiyelielewa. Nje ya kusini hutamkwa kwa kuvutwa na kwa tabasamu la pembeni, kama kitu cha vichekesho. Litazame vizuri. Ni kitenzi kucha kilichopokea -ile ya wakati timilifu. A na i zimekutana zikawa e. Ile -ile ni mkongwe wa lugha za Kibantu. Imo katika Kimakonde, imo katika Kimwera, imo katika Kiyao. Na imo katika mashairi ya kale ya Kiswahili cha kaskazini, yale ya Lamu na Pate, ambayo wanafunzi wa fasihi hufundishwa kuyasoma kwa heshima na kuandika pambizoni kwamba hii ni dalili ya Kiswahili cha kale. Mwanafunzi huyohuyo akitoka darasani akimsikia mpishi wa mgahawa akisema kuchele, anacheka. Sarufi ni ileile. Kilichobadilika ni nani anayesema.

Yapo pia matamshi. Mtu wa kusini, hasa ambaye nyumbani huzungumza Kimakonde au Kimwera, huifananisha m ya mwanzo na konsonanti inayoifuata: mtoto huwa ntoto, Mtwara huwa Ntwara. Video fupi za simu zimejaa hiyo n. Ukitaka mhusika achekwe kabla hajasema jambo lolote, mpe n. Sasa kumbuka riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, iliyotengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021: Vuta N’kuvute. Hapo napo kuna n iliyobaki baada ya irabu kumezwa, na imewekwa juu ya jalada. Hakuna anayecheka. Tunaambiwa hiyo ni ladha ya Unguja, na kweli ni ladha, nami sitaki kuiondoa. Nataka tu kujua ni nani aliyepanga kwamba ulimi mmoja ukimeza irabu ni ladha na mwingine ukiimeza ni ushamba.

Sehemu ya jibu inajulikana. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Ubishi mkubwa ulikuwa kati ya Kiunguja na Kimvita. Kimgao, Kiswahili cha pwani ya kusini, hakikuwa hata mgombea. Padri Charles Sacleux, aliyeanza kutoa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939, alijishughulisha kuonyesha neno lipi ni la lahaja ipi, za kusini zikiwemo. Lakini vijana wangapi wa Kilwa wanasoma Kifaransa? Siilaumu Kamati kwa kutaka lugha moja ya vitabu. Imenisomesha. Ninachohoji ni tulichokifanya sisi waandishi baada ya kukabidhiwa chombo hicho.

Wengine huitetea kusini kwa magofu. Watakukumbusha kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji, kwamba Husuni Kubwa ilikuwa jumba la kifalme, kwamba UNESCO imeyaweka magofu ya Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia tangu 1981. Utetezi huo hunichosha. Unaheshimu mawe na kuwaruka watu wanaouza pweza mita chache kutoka pale.

Twende kwenye maandishi, maana ndiko kesi ilipo. Tamthilia maarufu kuliko zote kuhusu upande huu wa nchi ni Kinjeketile, ya mwaka 1969. Mwandishi wake, Ebrahim Hussein, alizaliwa mwaka 1943 katika pwani hiihii ya kusini, kwa hiyo hakuwa mgeni wa sauti zake. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, na mganga mwenyewe alikaa Ngarambe. Wanahistoria humwandika Kinjikitile Ngwale. Hussein ameibadilisha irabu, na katika utangulizi wake anatahadharisha kwamba Kinjeketile wake si lazima awe yule wa historia. Ni haki yake. Irabu ile moja ni kama ilani inayosomeka: hapa ni jukwaani.

Lakini jukwaani hapo Wamatumbi, Warufiji na Wazaramo wanazungumza Kiswahili kimoja, kisafi, kilichonyooka. Nimekisoma kitabu hiki mara nyingi na bado nakiona kuwa bora kuliko tamthilia karibu zote zilizokifuata. Kina mashaka ya kweli ndani yake; mtu aliyetoa neno analiona neno limemzidi kimo na haliwezi kurudishwa. Hata hivyo kuna gharama iliyolipwa katika lugha, na sijaona wahakiki wetu wakiizungumza vya kutosha. Kazi kubwa ya Kinjeketile ni kuwaunganisha watu wanaodharauliana. Wahusika wanakumbushana makabila yao, wanashukiana, wanakumbuka visasi. Umoja ndio jambo gumu kuliko yote katika hadithi. Na umoja huohuo tayari umeshatolewa bure na sentensi zao! Wanagombana kuhusu tofauti ambayo masikio ya mtazamaji hayaisikii. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, huenda hilo ndilo lililotakiwa lisikike, taifa linaloongea kwa kinywa kimoja. Leo, kwa msomaji wa miaka ishirini, mgogoro wa makabila katika tamthilia hiyo unabaki kuwa taarifa badala ya kuwa kitu cha kuumiza.

Tazama neno hongo. Hongo ni jina la pepo aliyemchukua Kinjikitile, na wajumbe waliopeleka maji vijijini nao waliitwa hongo. Katika Kiswahili sanifu hongo ni rushwa. Zamani za misafara ilikuwa ni malipo anayotoa msafiri ili apite katika nchi ya mtu. Kijana wa Dodoma anayekutana na neno hilo kitabuni, fikra yake ya kwanza ni bahasha mezani. Hapa ndipo lahaja na lugha za jirani zinapomfaa mwandishi: neno moja, masikio mawili, na pengo kati yake kubwa kiasi cha kuingiza vita. Mtu wa boma la Mdachi akisikia hongo anaelewa jambo moja, mtu wa Ngarambe lingine. Ningetoa mengi ili nione onyesho lililojengwa juu ya pengo hilo.

Kumbukumbu za wazee wa vita zilizokusanywa na G. C. K. Gwassa na kutolewa naye pamoja na John Iliffe mwaka 1968 zilichapishwa kwa Kiingereza. Yaani wazee wa Umatumbi tunawasikia ama kwa Kiswahili cha Unguja ama kwa Kiingereza. Kabla yao kulikuwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambaye utenzi wake wa vita hivyo ulichapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Whiteley. Huyo angalau ni sauti ya palepale, ingawa anavitazama vita akiwa mtu wa mjini, na watu wa porini kwake ni watu wengine. Nao, kwa maneno yao wenyewe, hawapo.

Tofauti nyingine haisikiki kabisa, kwa sababu neno linatamkwa sawasawa kila mahali. Mjomba. Katika hadithi fupi nyingi za sasa mjomba ni mtu wa kuja sikukuu na zawadi, au wa kukopesha nauli. Kwa desturi ya Wamwera, Wamakonde na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye neno katika ndoa na katika mali. Baba anaweza kukaa kimya kwenye kikao akisubiri shemeji yake afike. Nimesoma hadithi iliyowekwa Lindi ambamo binti anaozeshwa kwa nguvu na baba yake huku mjomba amekaa kwenye mkeka akinywa chai. Inawezekana kabisa, Uislamu, shule na mji vimebadilisha mengi, na pwani si sawa na Nachingwea au Ruangwa. Ila mwandishi hakuonyesha kujua kwamba ukimya wa mjomba yule ni tukio. Alikuwa na chumba chenye bomu akaelezea mapazia.

Ndiyo maana nadhani kusini yetu vitabuni ina watu wa namna mbili tu. Wapo walioogeshwa lugha mpaka hujui wametoka wapi, na wapo wanaosema ntoto ili tucheke. Wa tatu hajaandikwa sana: anayesema ntoto halafu akaendelea na sentensi, akawa na hoja, akakosea, akamshinda mtu kwa maneno. Haihitaji kujaza ukurasa alama za ritifaa. Kuchele moja mahali pake inatosha, mradi anayeisema awe ameona kweli kwamba kumekucha.

Nina binamu Kivinje ambaye anaandika. Ujumbe wake wa maandishi huja kwa Kiswahili ambacho mwalimu yeyote angekipa alama zote. Akituma sauti, anaongea kama nyumbani, haraka, ntoto kalala, mjomba kaja, mabibo mwaka huu mengi, na kuna namna anavyolipunguza neno la mwisho ambayo sijui hata nikiandike vipi. Amenitumia hadithi zake tatu nizisome. Zote zinatokea Dar es Salaam.