Moli za Nini?

Anayeuza misumari kule Gerezani hahesabu msumari mmoja mmoja. Fundi akitaka misumari mia tano anapimiwa kilo, na wote wawili wanaridhika kwa sababu wanajua ukubwa wa msumari. Akihamia ya inchi nne badala ya inchi mbili, idadi ile ile itadai kilo nyingi zaidi. Mwalimu mmoja wa tuisheni ya kemia upande wa Mchikichini huanzia hapo kila anapofika kwenye mada ya moli na kidato cha tatu. Moli ni idadi, gramu ni uzito, na huwezi kuvuka kutoka huku kwenda kule bila kujua unapima kitu gani.

Idadi yenyewe, 6.02214076 × 10²³, iliyowekwa rasmi kimataifa tangu Mei 20, 2019, haimchukui muda. Muda wake anauweka kwenye swali moja ambalo wanafunzi wamelizoea hadi wanamwahi kulisema: "Moli za nini?" Mtu akitaja nusu moli ya oksijeni, kikokotoo hakiguswi kwanza. Atomu au molekuli? Za atomu ni gramu 8. Za gesi tunayovuta, O₂, ni gramu 16. Aliyeruka swali amekosea nusu kwa nusu, hata kama kuzidisha kwake ni sahihi.

Halafu anageukia ubao, na hapa ndipo ninapompendea. Anaandika Na₂CO₃ na kushuka nayo taratibu, kila elementi na mstari wake: sodiamu mbili 46, kaboni 12, oksijeni tatu 48. Jumla 106. Mbele ya 106 anaandika vizio, gramu kwa moli, kwa maandishi makubwa kuliko namba yenyewe. Swali linataka moli 0.25. Anaziweka pembeni, anakata moli ya juu kwa moli ya chini, gramu inabaki peke yake: 26.5. Vikokotoo vinatoka wakati huo, kwa kuhakikisha tu.

Hafuti. Anaongeza nukta na 10H₂O mbele ya fomula ile ile, kisha anakaa kimya. Darasa linaanza kujumlisha upya: maji kumi ni 180, kwa hiyo 106 imekuwa 286, na moli 0.25 sasa ni gramu 71.5. Gramu 45 zilizozidi zote ni maji yaliyojificha ndani ya fuwele kavu kabisa kwa macho. Mwanafunzi atakayepima gramu 26.5 za fuwele hizo atakuwa na moli 0.093 tu. Kwenye taitresheni asidi itakayotumika itakuwa pungufu, naye atahangaika na bureti wakati kosa lilianzia mizanini.

Wapo walimu wanaofundisha kwa pembetatu: funika kwa kidole unachokitafuta, kinachobaki ndiyo njia. Siwalaumu, darasa limejaa na mtihani hausubiri, na maswali mepesi yanajibika. Ila pembetatu haimuulizi mwanafunzi chochote. Fuwele zenye maji zikitokea kwenye karatasi, kidole hakina pa kufunika. Njia ya huyu wa Mchikichini ni ya polepole, inakula kipindi kizima kwa mifano miwili, na kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa mtoto atakayeshika chupa za maabara kesho.

Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tatu, muazime mizani ya jikoni. Apime chumvi gramu 58 na nusu, maji gramu 18, sukari gramu 342 ambayo ni zaidi kidogo ya theluthi ya kilo. Kila kimoja ni moli moja. Muulize ya nini, na umwache akujibu kwa fomula.