Nani Anachimba Vibranium?

Wandugu, wiki hii siandiki juu ya diplome wala juu ya kutafuta kazi. Naandika juu ya filamu ambayo bado haijatoka. Nivumilieni kidogo, maana mwishoni tutarudia kazi.

Jumamosi iliyopita nilipeleka telefoni yangu kuchajisha kwa kijana mmoja hapa Bagira mwenye pano ya jua juu ya mabati. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake. Tulikuwa watu saba au wanane kwenye benchi, kila mmoja anangojea asilimia zake. Mdogo wetu wa mwaka wa kwanza akaleta habari: mwezi wa Novemba, Ryan Coogler amethibitisha kwamba filamu yake inayofuata ni Black Panther ya tatu. Basi, ikawa hivyo. Kwa saa mbili hatukuongea kitu kingine.

"Mie minasema mwami atakuwa M'Baku."

"Apana, T'Challa atarudia. Batatafuta mutu mwengine wa kumucheza."

"Na ule mutoto wa Haiti, munamuweka wapi?"

Nilikuwa ndani ya mjadala kama wengine wote, tena kwa sauti. Sisi tunaoishi mlango kwa mlango na Kabare hatuhitaji kufundishwa kwamba swali la nani atarithi kiti cha mwami linaweza kumaliza usiku mzima.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa rafiki mmoja wa promosheni yetu. Alimaliza lisansi ya ekonomi, akazungusha barua za kuomba kazi mjini miaka miwili, kisha akapanda Numbi, kule Kalehe, kuchimba. Amerudi na kikohozi na deni. Alikuwa hajasema kitu tangu tukae. Akanyanyua kichwa, akauliza: "Lakini ile vibranium, nani njo anaichimbaka?"

Tukacheka. Halafu tukaanza kutafuta jibu, na hatukulipata. Nimerudia kuangalia filamu zote mbili juu ya swali lile.

Kwanza, niseme wazi kwamba sidharau kubashiri. Kuna wasomi wanaodhani ni mchezo wa watoto: filamu haijatoka, nyinyi mnagombana nini? Lakini shabiki anayebashiri vizuri anafanya kazi ile ile tuliyofundishwa kwenye kazi yetu ya mwisho wa masomo: anachukua ushahidi, anaupima, anaweka dhana, kisha anangoja kuumbuliwa. Kumbukeni mwaka 2022. Chadwick Boseman alikuwa amefariki tarehe 28 Agosti 2020, na Desemba ya mwaka ule Kevin Feige wa Marvel akatangaza kwamba hawataweka mtu mwingine kumcheza T'Challa. Mwezi wa Julai 2022 kikatoka kionjo cha kwanza cha Wakanda Forever, na mwishoni kinaonyesha mtu ndani ya vazi la chui, kucha zinatoka, uso hauonekani. Nani? Wengi walisema Shuri. Hawakuota: katika vitabu vya picha vya Marvel, Shuri aliwahi kulivaa vazi hilo mwaka 2009. Filamu ilipotoka Novemba, walikuwa wamesema kweli.

Wengine walisema Doctor Doom ataonekana mle. Ushahidi wao ulikuwa nini? Mtu fulani aliambiwa na mtu fulani. Doom hakuonekana. Hiyo ndiyo tofauti kati ya dhana na fununu, na watu wa Bukavu tunaijua kuliko mashabiki wote wa dunia. Tangu ile wiki ya Februari 2025, ambayo sina haja ya kumueleza mtu wa hapa, tunaishi kwa kubashiri: barabara itafunguliwa, benki itafunguliwa, mwaka wa masomo utaishaje. Mtu akikosea kuhusu Doctor Doom anachekwa tu. Akikosea kuhusu barabara, analala njiani.

Kwa hiyo sina shida na kubashiri kwenyewe. Shida yangu ni kwamba dhana zetu zote, hata zile nzuri, zinazunguka kiti kimoja. Hesabuni. Wa kwanza wanataka T'Challa arudishwe kwa sura nyingine. Wa pili wanataka Shuri abaki. Wa tatu wanashika ile sehemu ya mwisho ya Wakanda Forever ambapo M'Baku anakuja siku ya kushindania kiti, Shuri hayupo, na M'Baku anasema anakitaka. Wa nne wanamngojea mtoto Toussaint, ambaye Nakia alimlea Haiti na ambaye jina lake la Wakanda ni T'Challa, akue haraka. Halafu kuna Denzel Washington. Novemba 2024 alisema kwenye televisheni ya Australia kwamba Coogler anamuandikia nafasi katika filamu ya tatu, na tangu pale kila mtu ana Denzel wake: babu, adui, mwami wa nchi jirani. Zote hizo ni dhana za kiti. Hakuna hata moja ya shimo.

Na makosa si ya mashabiki peke yao, filamu ndizo zimetufundisha kuuliza hivyo. Filamu ya 2018, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, inatupeleka mpaka ndani ya mgodi. Je, tunaona nini? Mwanga wa bluu, treni zinazoteleza bila kelele, maabara safi ya Shuri juu yake. T'Challa na Killmonger wanapigana kule chini, kwenye reli zenyewe. Mimi nimetafuta mchimbaji mmoja, hata mwenye kofia nzuri, hata mwenye roboti, anayetoka zamu na kwenda nyumbani. Sijamuona. Mali ya nchi inatembea yenyewe toka kwenye udongo mpaka kwenye ndege.

Hapa mtu ataniambia: Wakanda imeendelea sana, mashine ndizo zinachimba. Sawa. Basi mashine ni za nani? Waliokuwa wakichimba kabla ya mashine walikwenda wapi? Ukiishi Kivu ya Kusini huwezi kuruka maswali hayo. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mvua kubwa ilijaza mashimo ya dhahabu na watu karibu 50 wakafia mle. Na nani kati yetu amesahau Septemba 2010, serikali iliposimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011? Mwaka ule ule Marekani ilipitisha sheria ya kudai makampuni yaseme madini yao yanatoka wapi. Nia ilikuwa safi. Lakini kuna watoto waliotoka shuleni juu baba alikuwa hana tena shimo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza baba.

Mtaniambia vibranium si koltani. Najua. Koltani haikuanguka toka mbinguni. Inatoa tantalamu, na tantalamu inaingia ndani ya vifaa vidogo vinavyotunza umeme kwenye telefoni, hata hizi tulizokuwa tunazichajisha. Lakini tazameni tarehe. T'Challa na Wakanda vilizaliwa katika kitabu cha picha cha Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966. Miaka 21 nyuma yake, urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilikuwa imeingia ndani ya bomu la Hiroshima, na Wakongo wenyewe hawakuwa wameambiwa. Miaka 6 nyuma yake Kongo ilipata uhuru, na miaka 5 nyuma yake Lumumba aliuawa. Sijui waandishi walikuwa na nini kichwani, na sina haja ya kuwatabiria nia. Nasema tu kwamba ukisoma Wakanda ukiwa Bagira, unaona dhana moja kubwa: ingekuwaje kama nchi yenye jiwe la ajabu ingelificha, na wageni wasifike? Wakanda yenyewe ni ubashiri. Ni Kongo ambayo mlango wake haukufunguliwa.

Ubashiri huo ni mzuri, na ndiyo maana tunaupenda. Lakini una uvivu ndani yake. Unasema shida yote iko mlangoni. Filamu ya pili inaendelea hivyo hivyo: mamluki Wafaransa wanashambulia kituo cha Wakanda nchini Mali, Malkia Ramonda anawaaibisha mbele ya Umoja wa Mataifa, na mimi nilipiga makofi kama wengine. Hata waziri wa majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alilalamika juu ya sehemu hiyo Februari 2023. Mwizi wa nje amechorwa vizuri kabisa. Lakini rafiki yetu aliyetoka Numbi aliniambia kwamba kwa miezi yake yote kule hakuona mzungu hata mmoja. Aliona mwenye shimo, mwenye kilima, negosia, na mwenye bunduki, na kila mmoja alichukua sehemu yake kabla yeye hajashika franka. Wote walikuwa wanasema Kiswahili kama yeye.

Kuna mtu mmoja katika filamu ya pili ambaye wanafunzi tungepaswa kumuangalia zaidi ya mwami yeyote: Riri Williams. Ana miaka 19, anasoma MIT, na ametengeneza mashine ya kutafuta vibranium kama kazi ya shule. Wakubwa wakaichukua mashine, wakaipeleka baharini, na vita ikaanza. Yeye hakuchimba, wala hakupiga mtu. Alifanya kazi yake vizuri, akapata alama. Wangapi kati yetu tumemaliza jeolojia, ekonomi, sheria, na tunangoja kampuni itupe kazi ya kutengeneza ile mashine? Filamu inamuonea Riri huruma, kisha inampa vazi la chuma aruke nalo. Ilikuwa imeshika swali zito mkononi, ikaliachilia.

Sasa nimsikilize mpinzani wangu, maana yuko na haki yake. Siku ile kwenye benchi, dada mmoja alisema: "Tuachieni na siye tupumuzike. Kila kitu munakirudisha kwa koltani." Kwa kweli, mwaka huu Bukavu watu wamechoka. Saa mbili za kugombana juu ya mtu aliyevaa ngozi ya chui ni saa mbili bila kuongea mambo mengine, na hiyo si kitu kidogo. Sitaki kumnyang'anya mtu saa zake mbili.

Lakini nilichokiona mimi ni kwamba swali la rafiki yetu halikuua mchezo. Liliuwasha. Yule wa mwaka wa kwanza akasema labda chini ya mgodi kuna kabila la sita ambalo hatujaonyeshwa. Kumbukeni, filamu ya kwanza inaanza kwa kuhesabu makabila matano, manne yakakubali mwami mmoja na Jabari wakajitenga. Mwingine akasema hapana, labda vibranium imeanza kwisha, na filamu ya tatu ni nchi tajiri inayojifunza kulima. Yule dada mwenyewe akasema kama ni hivyo basi Denzel ni mzee wa wachimbaji, anakuja kudai deni la miaka elfu. Hebu niambieni, kati ya hiyo na "nani atavaa mask", filamu gani mngelipa kuiona?

Nami niweke dhana yangu hapa, kwa tarehe, ili mje kunicheka. Nasema mwami ni M'Baku. Si juu ya nguvu zake wala vichekesho vyake. Ni juu ya jina la watu wake. Jabari: kila anayejua Kiswahili anasikia mwenye nguvu, asiyeshindwa. Hao ni watu waliojitenga mlimani, majumba yao ni ya mbao, silaha zao za miti, hawakula kwenye mgodi. Mwami anayetoka kwao atakuwa wa kwanza kushuka mle chini akiwa mgeni. Na mgeni akishuka mgodini anauliza swali ambalo wenyeji wameacha kuliuliza. Kama Coogler ataacha aulize, tutakuwa na filamu kubwa kuliko zote mbili. Kama M'Baku atakaa tu kwenye kiti na wote wakakunja mikono kifuani, nitakuwa nimesema kweli juu ya mwami na nimekosea juu ya filamu.

Rafiki yetu hakubali. Anasema mchimbaji hataonyeshwa hata filamu ya tatu, kwa sababu ukimuonyesha utalazimika kumlipa. Tumeweka sahani ya sambaza na ugali. Telefoni yake ilipofika asilimia 60 aliiondoa, akalipa kijana wa pano, akaniambia kwamba Januari anapanda tena Numbi, maana barua zake za kazi bado hazijajibiwa.