Safu ya Chama: Kuisoma Orodha ya Wabunge wa Kibwezi

Orodha ya wabunge wa eneo bunge lililokwisha kufutwa ni maandishi yasiyosomwa na mtu kama maandishi. Watu hutafuta jina, wakalipata, wakafunga ukurasa. Lakini orodha ina umbo lake, na umbo hilo lina maoni. Nachukua ya Kibwezi, iliyokuwa katika Wilaya ya Makueni, Mkoa wa Mashariki, hadi mipaka mipya iliyotangazwa 2012 ilipoipasua vipande viwili, Kibwezi Mashariki na Kibwezi Magharibi, na uchaguzi wa Machi 4, 2013 ukalizika jina la zamani. Safu zake ni nne: mwaka, mbunge, chama, maelezo. Ya nne mara nyingi huwa tupu.

Safu inayopiga kelele kuliko zote ni ya chama. Mwaka 1992 Agnes Ndetei, DP. Mwaka 2002 Kalembe Ndile, NARC. Mwaka 2007 Philip Kaloki, ODM-Kenya. Vuka mpaka uingie orodha mpya ya Kibwezi Mashariki: 2013 Jessica Mbalu, Wiper. Anayeteremsha jicho kwenye safu hiyo bila kutazama kando atakuta wapiga kura wa kuhamahama, watu wasiokaa na chama hata kwa mihula miwili. Ndivyo umbo linavyomshauri asome, kwa kuwa kila chama kimepewa chumba chake, chenye kuta zake.

Ushauri huo ni mbaya. ODM-Kenya na Wiper ni chama kimoja. Mwaka 2007 Raila Odinga na Kalonzo Musyoka walipoachana, Raila alikwenda na ODM, Kalonzo akabaki na ODM-Kenya, na kabla ya uchaguzi wa 2013 chama hicho kikabadilisha jina kikawa Wiper Democratic Movement. Kiongozi ni yuleyule, ngome ni ileile ya Ukambani. Pale ambapo orodha inaonyesha mapinduzi, mpiga kura wa Mtito Andei alikuwa akitia alama kwa watu walewale aliowachagua miaka mitano nyuma, ila mwavuli sasa una chapa nyingine.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, kwa sababu halionekani. Weka kando ya Kibwezi orodha ya Kitui ya Kati. Charity Ngilu aliingia 1992 kwa DP, akarudi 1997 kwa SDP, mwaka uleule aliowania urais na kushika nafasi ya tano. Kisha inakuja 2002, NARC, na 2007, NARC tena. Hatimaye utulivu, msomaji anajiambia. Ni utulivu wa herufi tu. NARC ya 2002 ilikuwa muungano ulioing'oa KANU madarakani baada ya miaka karibu 40, wenye Kibaki, Raila, Kalonzo na Ngilu ndani yake. Kufikia 2007 Kibaki alikuwa anawania kwa PNU, Kalonzo yuko kwake ODM-Kenya, na Ngilu, aliyebaki na chama mkononi, alikuwa akimpigia debe Raila. Herufi nne zilezile zimerudiwa mstari kwa mstari, na kilichomo ndani si kile tena. Sijui adhabu gani inamfaa mtayarishaji wa jedwali asiyeweka hata kinyota kidogo hapo.

Nyuma zaidi, enzi ya chama kimoja, safu hii hufa kabisa: KANU, KANU, KANU hadi chini. Hapo ndipo ushindani ulikuwa wa mtu kwa mtu, na ndipo jedwali linapokuwa bubu. Mwaka 1988 wanachama wa KANU walipanga foleni nyuma ya wagombea au picha zao, wakahesabiwa juani, na aliyepita asilimia 70 alitangazwa mbunge bila kura ya siri kufuata. Kura ya mlolongo, ambayo Wakenya waliokuwa watu wazima wakati huo hawajaisahau, imepewa ndani ya orodha upana uleule wa uchaguzi mwingine wowote. Yote ni mstari mmoja.

Usawa huu wa mistari ndio mtindo hasa wa orodha. Khabari za Pate, masimulizi ya kale ya watawala wa Pate, nazo huenda sultani baada ya sultani, na miaka ya kila mmoja, lakini msimulizi husimama penye utamu: vita, hila, ndoa. Jedwali halisimami. Kalembe Ndile alikaa bungeni muhula mmoja, hivyo ana mstari mmoja, sawa na mtu ambaye hakuwahi kusimama kuuliza swali. Huyu ndiye aliyejiita mtoto wa squatter, akalifanya suala la wasio na mashamba kuwa jina lake mwenyewe, na alipofariki 2021 ndilo jina lililotajwa redioni. Safu ya mbunge imeandika "Richard Kalembe Ndile", na imetosheka.

Majina nayo yana ujanja wake. Katika Kitui Magharibi utasoma Mwendwa 1974, Mwendwa 1984, Mwendwa 1992, Mwendwa 2002. Orodha inayofupisha majina itakupa mtu mmoja asiyechoka. Hao ni wawili: Nyiva Mwendwa, na mumewe Kitili, Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika nchini, aliyeshinda uchaguzi mdogo wa 1984 na kufa ajalini mwaka uliofuata. Kiti hichohicho kilikuja kuwa cha Francis Nyenze, na baada ya kifo chake Desemba 2017, kikawa cha mjane wake Edith. Na hakuna safu ya jinsia. Mwaka 1992 Kenya ilichagua wabunge wanawake sita, na watatu kati yao, Ndetei, Ngilu na Nyiva Mwendwa, walitoka Kitui na Makueni. Nusu nzima ya wanawake wa Bunge lile! Kwa kuwa kila eneo bunge lina ukurasa wake, habari hiyo haiwezi kuonekana mpaka msomaji azitandaze orodha tatu mezani.

Ningeachiwa jedwali hili, safu ya chama ningeipunguza upana na kuongeza safu ya aliyeshindwa. Ukurasa utapanuka, na upanuke. Katika Kitui Kaskazini, ambayo nayo imefutwa, Kalonzo Musyoka angeingia 1983, alipobwagwa na Philip Manandu, badala ya kuchomoza 1985 katika uchaguzi mdogo kana kwamba ameshushwa na mvua, huku neno "uchaguzi mdogo" likificha kifo cha Manandu. Kibwezi nayo ingempa Kalembe mstari wa pili, 2007, jina lake likiwa kando ya la Kaloki aliyemng'oa. TIP, chama alichokuja kukiongoza baadaye, hakina mstari hata mmoja katika orodha hiyo.