Fumbo la Mwimbaji Mbele ya Sheria: Kesi ya Simon Bikindi

Katika uhakiki wa fasihi simulizi, wimbo huchambuliwa kwa kuzingatia fani na maudhui: mpangilio wa beti, kiitikio, taswira, kisha dhamira. Mara nyingi swali moja huachwa nyuma: wimbo uliimbwa lini, wapi na mbele ya nani? Kesi ya mwimbaji wa Rwanda, Simon Bikindi, inaonyesha kwamba swali hilo si la pembeni. Makala haya yanadai kwamba mhakiki anayeishia kwenye matini humwachia hakimu kazi ambayo ingekuwa yake.

Bikindi alizaliwa mwaka 1954 katika mkoa wa Gisenyi, uliopakana na Goma. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na kiongozi wa kundi la ngoma la Irindiro, na pia mtumishi wa wizara iliyoshughulikia vijana. Nyimbo zake tatu ndizo zilizofikishwa mahakamani. Twasezereye, wa mwaka 1987, huuaga utawala wa kale wa kifalme. Nanga Abahutu, yaani "Nawachukia Wahutu", huwashutumu Wahutu wanaowapa kisogo wenzao. Bene Sebahinzi, "Wana wa Baba wa Wakulima", huanza fumbo lake katika jina lenyewe. Zote zilitungwa kabla ya 1994.

Kituo cha redio cha RTLM, kilichoanza kutangaza Julai 1993, kilizirusha nyimbo hizo hata katika miezi ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Aprili hadi Julai 1994. Maneno yalikuwa yaleyale. Tendo lililotendwa kwa maneno hayo ndilo lililobadilika. Wimbo uliosikika kama kumbukumbu ya historia mwaka 1987 ulisikika mwaka 1994 katikati ya matangazo yaliyotaja watu wa kusakwa.

Bikindi alikamatwa Uholanzi mwaka 2001, na tarehe 2 Desemba 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, mjini Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Majaji walikubali kwamba Nanga Abahutu na Bene Sebahinzi zilitungwa kwa nia ya kuchochea chuki ya kikabila. Hata hivyo, hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba zilitungwa kwa nia ya kuchochea mauaji ya kimbari, wala kwamba yeye mwenyewe alihusika kuzisambaza mwaka 1994. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti, mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara ya Kivumu na Kayove, akiwahimiza watu wawaangamize Watutsi. Hukumu hiyo ilithibitishwa katika rufaa mwaka 2010. Bikindi alifariki nchini Benin mwaka 2018.

Je, sanaa iliachiliwa huru? La hasha. Wako wanaotetea kwamba wimbo ni fumbo, na kila msikilizaji hufumbua apendavyo. Lakini wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalitambua. Anayefumba huwa amekwisha kuipima hadhira yake. Fumbo halimwondolei jukumu, bali ni dalili kwamba alijua anasema na nani. Kwa upande mwingine, wanaodai kwamba wimbo ndio ulioua huwapunguzia mzigo walioshika mapanga na walioendesha redio. Sheria ilitafuta hatia, ikaipata kwenye kipaza sauti. Uhakiki unatafuta jukumu, nalo lilianza mapema zaidi, katika utunzi wenyewe.

Suala hili ni la Kivu pia. Mauaji yaliyoanza katika soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, yalienea upesi hadi Masisi, na mwishoni mwa 1996 wakimbizi wa Rwanda walipita kwa miguu katika barabara ya Hombo, Itebero na Walikale. Mwanafunzi anayekwenda Itebero kukusanya nyimbo za ukoo, za mavuno au za vijana wenye silaha asirudi na maneno matupu. Aandike pia siku, mahali, mwimbaji, waliokuwapo na waliokuwa hawawezi kuwapo. Mara nyingi hao wa mwisho ndio wanaolengwa na fumbo.