Pikipiki Iliyosahihishwa

Mwaka 2014, nikiwa mgeni wa binti yangu Uingereza, mkwe wangu alinipeleka Cadwell Park kutazama mbio za pikipiki za zamani. Nilikwenda kwa adabu tu, lakini nilirudi na jambo la kubishana nalo.

Iliyonishika ni Honda CB450. Pikipiki hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1965: silinda mbili, ujazo wa sentimita 444, kamshafti mbili juu ya silinda. Vali zake hazirudishwi na springi za kawaida, bali na fimbo za chuma zinazojisokota na kujirudi. Ulikuwa ufundi wa kushangaza kwa chombo cha kumpeleka mtu kazini. Ilipotaka kuingia katika mbio za pikipiki za kawaida huko Uingereza, ilikataliwa kwa ajili ya kamshafti zile mbili. Kosa lake lilikuwa kuzidi akili!

Hii niliyoiona imevuliwa taa, stata na kiti cha abiria. Silinda zimepanuliwa hadi karibu sentimita 500. Fremu ya kiwandani imeondolewa, ikawekwa nyingine ya mabomba membamba, na gurudumu la mbele lina breki kubwa ya ngoma. Fremu hiyo naisifu bila kusita. Ile ya kwanza iliundwa kubeba betri na familia. Hii inabeba injini na mtu mmoja, na sehemu zilizochomelewa zimeachwa wazi, fundi hakuficha kitu.

Lakini ubavuni mwa tangi, ambalo ni jipya kabisa, pameandikwa 1965. Hapo ndipo tulipogombana.

Chuoni nilikuwa na ugonjwa wa kusahihisha maandalio ya masomo ya wanachuo hata yasibaki na neno lao. Mmoja alifundisha kwa andalio nililolipitia hivyo, akasifiwa sana na wakaguzi. Nilipompa mkono aliniambia kwa upole, “Lile somo lilikuwa lako, Mkuu.” Sikuwa na jibu.

Basi niliikagua Honda ile kwa jicho la mtuhumiwa. Je, imebaki na neno lake? Walipoisukuma na kuiwasha nilipata jibu. Kichwa cha injini ni kile kile, na fimbo zile zimo bado. Sauti ilipanda, ikapanda tena, pale ambapo pikipiki kadhaa za rika lake zilikuwa zimeanza kukohoa. Fundi huyu alibadilisha karibu kila kitu, lakini kile walichokikataa waamuzi wa wakati ule hakukigusa. Kwa hilo amenishinda mimi.

Nilimwomba aandike miaka yote miwili kwenye tangi, wa injini na wa fremu. Alicheka, akanipa kitambaa nifute mafuta mkononi.