Sinema Iliyozamisha Meli Nzima

Juzi niliitazama tena The African Queen, sinema ya John Huston ya mwaka 1951. Mwishoni meli ya kivita ya Wajerumani inalipuka ziwani, na mtazamaji anarudi nyumbani ameridhika. Mimi sikuridhika. Graf von Götzen, meli inayosemekana kuwa chimbuko la kisa hicho, haikulipuliwa. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, ikabeba abiria na dagaa kwa miongo mingi.

Kabla ya kuzama iliwahi kufungwa mzinga wa Königsberg, manowari iliyoangamia Rufiji Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikatiwa magurudumu, watu wakaivuta nchi kavu. Watu hao sinema haiwaoni. Hapa Amani nako, taasisi ya utafiti wa mimea iligeuzwa kuwatengenezea askari kwinini.

Sinema inapendeza, sikatai. Lakini kulipua ni rahisi kuliko kubeba. Ukiitazama, msomaji wangu, jiulize: mzinga ule aliuvuta nani?