Filamu Iliyoanua Matanga Mapema

Kwetu msiba una kalenda yake. Watu hukaa matanga siku kadhaa, kisha siku ikifika matanga huanuliwa: mikeka hukunjwa, sufuria za kuazima hurudishwa kwa wenyewe, na kila mtu hushika njia ya kwake. Nilipofiwa na kaka yangu ndipo nilipofahamu kwamba kalenda ile ni ya wageni zaidi kuliko ya wafiwa. Miaka minne baadaye mama yangu alikuwa bado akiamka usiku wa manane kwenda kufungua mlango, akidhani amesikia hodi.

Nimeanza na habari hiyo ya nyumbani kwa sababu ndiyo iliyonifanya nigombane na filamu moja ya Kimarekani ambayo wengi wa rafiki zangu wameipenda. Filamu hiyo inaitwa We Are Marshall. Ilitoka mwaka 2006 na inasimulia kisa cha kweli cha timu ya Chuo Kikuu cha Marshall, kilichopo katika mji wa Huntington, jimbo la West Virginia, kando ya mto Ohio. Mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani, ule wa mpira wenye umbo la yai na wachezaji waliovaa kofia ngumu. Msomaji asiyejua kanuni zake asihofu. Kisa hiki hakihitaji kanuni.

Jioni ya tarehe 14 Novemba 1970, timu ya Marshall ilikuwa ikirejea kutoka North Carolina, ambako ilikuwa imefungwa na East Carolina kwa pointi 17 kwa 14. Mvua ilikuwa ikinyesha na ukungu ulikuwa umetanda. Ndege yao ya kukodi, aina ya DC-9, ilishuka chini mno kabla ya kuufikia uwanja, ikaigonga miti ya kilimani na kuwaka moto. Watu wote 75 walikufa: wachezaji 37, makocha na watumishi wa timu, marubani na wahudumu, pamoja na raia wa mjini waliokuwa wamefuatana na timu yao kwa mapenzi tu. Maiti za wachezaji sita hazikuweza kutambuliwa, wakazikwa pamoja katika makaburi ya Spring Hill, mahali panapoelekea chuoni.

Filamu inaanzia hapo. Je, timu ifutwe au ifufuliwe? Anatafutwa kocha mpya, Jack Lengyel, anayeigizwa na Matthew McConaughey. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kinaombwa kiruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wacheze, jambo ambalo kanuni za wakati ule zilikataza, na kinakubali. Timu ya watoto inaundwa. Tarehe 25 Septemba 1971, katika mchezo wao wa kwanza wa nyumbani, wanaishinda Xavier 15 kwa 13 kwa pasi ya sekunde za mwisho. Umati unaingia uwanjani, muziki unapanda, nasi tunafuta machozi.

Mchezo ule ulikuwa hivyo kweli, hata ile pasi ya mwisho. Wala sisemi kwamba waigizaji hawakufanya kazi yao. David Strathairn, katika nafasi ya mkuu wa chuo Donald Dedmon, ameonyesha vizuri mtu mpole anayelazimika kuwa jasiri. Matthew Fox naye amemwigiza Red Dawson, kocha msaidizi ambaye hakuwamo ndegeni kwa kuwa alikuwa safarini kwa gari akitafuta wachezaji wapya. Uso wake unasema yale ambayo kinywa hakithubutu kuyasema. Filamu nayo ina haki ya kubuni wahusika wa pembeni, kama baba mfiwa na yule binti mchumba, ambao hawakuwako. Hiyo ni ruhusa ya kila msanii.

Ugomvi wangu ni juu ya mahali filamu ilipoanzia na mahali ilipokomea.

Tuanze na mwanzo. Timu iliyopanda ndege ile haikuwa timu ya malaika. Kati ya 1966 na 1969 Marshall ilicheza michezo 27 mfululizo bila kushinda hata mmoja. Mwaka 1969 ilitolewa katika ligi yake, Mid-American Conference, kwa kuvunja kanuni za kuandikisha wachezaji. Siku ya ajali ilikuwa imeshinda michezo mitatu na kushindwa sita msimu ule. Habari hizi hazipati nafasi katika filamu. Naelewa sababu: marehemu hasemwi. Sisi nasi hatukuwaambia wageni kwamba kaka yangu alikufa akiwa na deni kila duka la mtaani, na kwamba wiki ile ile ya mwisho alikuwa hasemezani na baba. Tulimsifu, tukamzika mtu mwingine. Lakini baba alimlilia yule yule mwenye madeni, na kilio chake kilikuwa kizito zaidi kwa sababu ya ule ugomvi ambao haukupata suluhu. Nathubutu kudhani kwamba katika Huntington pia walikuwako watu waliokuwa wameichoka timu ile, wameicheka, wameiona aibu, kisha wakaamka asubuhi moja hawana wa kumcheka tena. Huzuni ya namna hiyo ni ngumu kuigiza, na filamu imeikwepa.

Sasa mwisho. Baada ya kuishinda Xavier, vijana wale walishinda mchezo mmoja tu mwingine msimu ule, dhidi ya Bowling Green, wakapoteza minane. Lengyel alikaa miaka minne. Alishinda mara 9 na kushindwa mara 33. Dawson aliacha ukocha baada ya msimu wa 1971. Marshall haikupata msimu wa kushinda zaidi ya kushindwa hadi mwaka 1984. Hesabu vizuri, msomaji: ni misimu 13 baada ya ajali. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa ameshamaliza shule ya msingi.

Ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 1987 timu ilifika fainali ya daraja lake ikafungwa kwa pointi moja, 43 kwa 42. Mwaka 1992 ilitwaa ubingwa, na mwaka 1996 ikautwaa tena bila kupoteza mchezo hata mmoja. Mwaka 1999 ilishinda michezo yote 13.

Kwa kawaida wasimulizi huunganisha ncha mbili, ajali na vikombe, kisha hutuambia: baada ya dhiki faraja. Methali hiyo ni ya kweli, ila haitaji dhiki itachukua muda gani. Sisi Waafrika tumefanya vivyo hivyo kwa habari ya Zambia. Timu yao ya taifa iliteketea katika bahari ya Gabon mwezi Aprili 1993, na mwaka 2012 warithi wao wakatwaa Kombe la Afrika katika Libreville, mji wa nchi ile ile. Tunapenda kuisimulia kana kwamba ile miaka 19 ilikuwa usiku mmoja.

Kwangu mimi, kisa kikubwa cha Marshall ni ile misimu 13. Ni habari ya watu waliokwenda uwanjani mwaka baada ya mwaka kutazama timu ikifungwa, wala hakuna aliyewapigia muziki. Inasemekana kwamba watoto 70 walipoteza mzazi mmoja au wote wawili katika ajali ile. Pasi ya Xavier haikuwarudishia kitu. Walikua katika miaka ile ambayo filamu imeiacha, na maneno machache ya kufungia hayawezi kuibeba. Wahenga walisema kifo cha wengi arusi, wakimaanisha kwamba uchungu ukigawanywa hupungua. Filamu imewachukulia kwa herufi: imetutoa makaburini na kutupeleka arusini kwa muda wa saa mbili.

Mji wenyewe unajua zaidi. Mwaka 1972 katikati ya chuo ilizinduliwa chemchemi ya ukumbusho, kazi ya mchongaji Harry Bertoia. Kila tarehe 14 Novemba watu hukusanyika, majina ya marehemu husomwa, kisha maji hufungwa. Hayafunguliwi kesho yake. Chemchemi hukaa kavu majira yote ya baridi mpaka machipuko yafike. Hufanya hivyo hata miaka ambayo timu imerudi na kikombe.

Mama yangu angeielewa chemchemi ile kuliko filamu. Hatukumkataza kuufungua mlango. Tulijifunza tu kuacha taa ya ukumbini ikiwaka, asije akajikwaa.